Maji ya Udhu Yakishatumika, Yaende Wapi?

Ramadhan ikiingia na mifereji ikikauka, utaona mikokoteni ya mitungi imepanga foleni chini ya fleti zetu za Mombasa. Na saa hiyo hiyo, maji ya udhu ya orofa zote yanateremka kwa bomba moja na uchafu wa choo. Wazee wetu hawakuishi hivi. Nyumba zao zilikuwa na ua. Maji ya kuoshea vyombo yalimwagiwa mgomba au mpapai.

Tena swali hili si geni. Sisi Mashafii tumelisoma madrasa, mlango wa kwanza kabisa wa fiqhi: maji machache yaliyotumika kwa udhu wa faradhi ni safi, ila hayatwahirishi tena. Yakikusanywa yakafika qullatayn, kama lita 200 hivi, kwa kauli yenye nguvu yanarudi kutwahirisha. Wangapi tunakumbuka?

Kilichokuwa kipya ni maji taka ya miji kusafishwa kwa mitambo. Mwaka 1978 (1398 Hijria) Baraza la Maulamaa Wakuu la Saudi Arabia lilitoa fatwa: yakisafishwa kabisa, pasibaki rangi, ladha wala harufu ya najisi, yanakuwa twahara na udhu unaswihi. Kuyanywa ndiko walikotahadharisha, kwa ajili ya afya.

Mafundi nao wakafanya yao. Mwaka 2003 kule New York jengo la The Solaire lilifunguliwa, orofa 27, fleti karibu 300. Maji taka yake, hata ya choo, husafishwa chini ya jengo kisha hutumiwa kuflashi vyoo na kunyunyizia bustani. Hayanywewi, na yana mabomba yake mbali.

Sisi hatuhitaji mtambo mkubwa hivyo kuanza. Maji ya udhu na ya kuoga yakishushwa kwa bomba lake hadi tangi lake, yachujwe, yatumike upesi kabla hayajanuka, yanatosha kuflashi. Ya kufulia nepi yasiingie humo, najisi hiyo! Wala tangi hilo lisiungwe kamwe na la maji ya kunywa. Tabu ni kwamba bomba hilo la pili huwekwa kirahisi kabla ukuta haujapigwa plasta. Baada ya hapo ni kubomoa bafu moja baada ya jingine, na wapangaji wamo ndani.