Kutoka fiziotherapia hadi upasuaji wa mifupa: njia ikoje?

Mtu akivunjika paja kwa ajali ya bodaboda kati ya Ifakara na Mlimba, mguu wake hupita mikononi mwa wataalamu wawili. Daktari wa upasuaji huunga mfupa, mara nyingi kwa chuma. Mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye wengi wetu tunamwita mtu wa mazoezi, humfundisha kukunja goti tena, kutembea na magongo na hatimaye kurudi kwenye jaruba lake la mpunga.

Kwa kuwa wote wawili wanashughulikia mguu uleule, vijana wengi hudhani kazi moja ni ngazi ya kupandia nyingine: usome kwanza fiziotherapia, ufanye kazi kidogo, kisha uendelee hadi upasuaji. Hapa Tanzania haiko hivyo, na kulijua hilo mapema kunaokoa miaka na ada.

Daktari bingwa wa mifupa ni lazima kwanza awe daktari. Shahada ya udaktari ni miaka 5, na baada yake kuna mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Ndipo unaomba shahada ya uzamili ya mifupa na majeraha, kwa mfano MUHAS, ambako wanafunzi hufundishwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), au KCMC Moshi. Hiyo ni miaka mingine 3 hadi 4. Njia nyingine ni kupitia chuo cha madaktari wa upasuaji cha kanda yetu, COSECSA, chenye makao yake Arusha: miaka 2 ya msingi wa upasuaji na 3 ya mifupa, ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa.

Sasa tuje kwenye mlango wa kuingilia. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) unamtaka mwombaji wa udaktari awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita. Asiye na kidato cha sita anaweza kuingia kwa stashahada, lakini stashahada inayokubalika ni ya utabibu, yenye wastani wa B au GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi kidato cha nne. Stashahada ya fiziotherapia, hata ukiwa na alama nzuri kiasi gani, inakupeleka kwenye shahada ya fiziotherapia.

Kwa hiyo kijana wa Mang'ula au Malinyi aliyemaliza kidato cha nne na moyo wake uko kwenye kisu, achague utabibu. Ni miaka 3, na Ifakara penyewe kuna chuo kinachoufundisha, TTCIH. Udaktari nao unasomwa hapahapa, SFUCHAS. Ni ubingwa tu utakaomtoa bondeni.

Na aliyekwisha kusoma fiziotherapia? Kama alifaulu PCB kidato cha sita, anaweza kuomba udaktari, ila ataanza mwaka wa kwanza kama wengine. Kama hakupitia kidato cha sita, inabidi akafanye mtihani huo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tukihesabu stashahada miaka 3, maandalizi ya mtihani 2, udaktari 5, mafunzo kwa vitendo 1 na ubingwa 4, inakuwa miaka 15. Aliyeanza na miaka 18 atakuwa na 33, tena kama hakuna mwaka uliopotea kwa kukosa ada.

Asidhani lakini kwamba yuko kazi ya pembeni. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, kwa mfano, hunyooshwa taratibu kwa mikono na plasta inayobadilishwa kila wiki, na wengi wao hawahitaji upasuaji mkubwa. Kazi hiyo wataalamu wa fiziotherapia waliofunzwa huifanya. Pia mfupa uliounganishwa vizuri, mwenye mguu akilazwa nyumbani bila mazoezi, huishia na goti gumu lisilokunjika.

Kabla ya kulipia fomu yoyote, soma mwongozo wa TCU wa mwaka huo, maana vigezo hurekebishwa. Kama tayari una shahada, uliza bodi ya mikopo (HESLB) iwapo watakukopesha kwa shahada nyingine, kabla baba hajauza ng'ombe.