UZI: Serikali ikulipe uachane na mkweche wako? Tuanzie Marekani, 2009

Wiki jana kwa mdahalo wa chuo, jamaa mmoja alisimama akasema: "Serikali iwalipe wenye magari makuukuu wayasalimishe, wapewe punguzo wanunue mapya." Ukumbi mzima makofi. Hewa itakuwa safi, ajali zitapungua, viwanda vitapata kazi. Nani atapinga hilo?

Kanuni ya nyuzi zangu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Tunachukua wazo tu, tunafungua boneti, tunaangalia ndani.

Wacha niseme mapema kwamba hapa nina maslahi. Karo yangu inatoka kwa pikapu ya Baba, Hilux ya miaka ya tisini inayobeba kabeji kutoka Kinangop hadi Marikiti. Inakunywa mafuta vibaya, na ikipanda mlima moshi wake unauona kabla hujaisikia. Kwa hivyo mtu akisema "gari kuukuu", mimi najua ni gari gani anaongelea.

Haya, turudi nyuma.

Mwaka 2009 biashara ya magari Marekani ilikuwa taabani. Mwaka 2007 waliuza magari mapya kama milioni 16. Kufikia 2009 hesabu ya mwaka mzima ilikuwa milioni 10 na kidogo. Chrysler iliingia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika mwishoni mwa Aprili, General Motors ikafuata tarehe 1 Juni. Mwezi huo huo Bunge lao likapitisha mpango ulioitwa rasmi Car Allowance Rebate System. Wananchi hawakuwa na muda na jina hilo. Waliuita Cash for Clunkers, yaani pesa kwa mikweche.

Ulifanya kazi hivi. Unaendesha gari lako mpaka kwa muuzaji. Liwe linatembea maili 18 kwa galoni au chini ya hapo, ambayo ni kama kilomita saba na nusu kwa lita. Liwe halijafika miaka 25. Na liwe limesajiliwa kwa jina lako na kuwa na bima mwaka mzima uliopita, ili watu wasije wakafufua magari yaliyolala nyuma ya nyumba yakiota nyasi. Ukipita hapo, serikali inakulipia dola 3,500 au 4,500 kwenye bei ya gari jipya, kutegemea hilo jipya linaokoa mafuta kiasi gani. Bei ya hilo jipya isizidi dola 45,000.

Walitenga dola bilioni 1. Milango rasmi ilifunguliwa mwishoni mwa Julai, na ndani ya takriban wiki moja pesa zilikuwa zimekwisha. Bunge likaongeza bilioni 2. Tarehe 24 Agosti mpango ukafungwa. Magari karibu 677,000 yalikuwa yamesalimishwa, na ruzuku iliyolipwa ilikuwa kama dola bilioni 2.85. Gari lililosalimishwa kwa wingi zaidi lilikuwa Ford Explorer, na lililonunuliwa kwa wingi zaidi likawa Toyota Corolla. Kama ulidhani mpango ulikuwa wa kuokoa kampuni za nyumbani peke yake, hapo tafakari kidogo.

Sasa kuna sehemu moja ambayo mimi nikisoma huwa nasimama. Injini ilibidi iuawe. Muuzaji anamwaga oili yote, halafu anatia dawa inayoitwa sodiamu silikati, maji mazito kiasi, kisha anawasha gari na kulikanyagia mafuta. Dawa ikipata moto inageuka kitu kama glasi ndani ya injini. Dakika chache tu, injini imekwama, haitazunguka tena milele. Vipuri vingine viliruhusiwa kuuzwa, ila injini hapana, hata kama imetunzwa vizuri. Sababu yao ilikuwa na mantiki: kama gari linarudi barabarani kupitia mlango wa nyuma, basi umelipa pesa za umma bure. Bado, nilipomweleza Baba, alinyamaza kwa muda. Mtu aliyewahi kuzunguka Grogan siku mbili akitafuta silinda hedi hawezi kuisikia hadithi hiyo bila kuumia.

Je, ulifaulu? Hapa ndipo mijadala yetu hukosea. Kila upande unachukua nambari yake na kukimbia nayo.

Upande wa mafuta una nambari ya kweli. Magari yaliyotoka yalikuwa na wastani wa maili 15.8 kwa galoni na yaliyoingia 24.9. Hiyo si tofauti ndogo. Magari mapya pia yalikuwa na vifaa bora vya usalama. Lakini kumbuka kuunda gari jipya nako kunakula chuma, umeme na mafuta, na mkweche ulioharibiwa mwaka huo ungekufa wenyewe baada ya miaka michache. Unachonunua ni ile miaka michache tu. Hukununua usafi wa milele.

Upande wa uchumi ndio wenye utamu. Wachumi wawili, Atif Mian na Amir Sufi, walilinganisha miji iliyokuwa na mikweche mingi na ile iliyokuwa nayo michache. Katika utafiti wao uliochapishwa 2012, waliona kwamba mpango ulileta mauzo ya ziada kama 370,000 kwa ile miezi miwili, Julai na Agosti. Kwa hivyo kati ya wale 677,000, karibu nusu wangenunua hata bila ruzuku. Na hao 370,000? Wengi walikuwa watu ambao wangenunua Novemba au Januari, wakaharakisha. Kufikia Machi 2010 karibu faida yote ya mauzo ilikuwa imefutika, kwa sababu wateja wa miezi ile walikuwa wameshanunua.

Wachumi wengine waliotumia rekodi za Texas walikuja na jambo la kuchekesha zaidi. Kwa vile masharti yalimsukuma mnunuzi kwenye gari linalookoa mafuta, na magari ya namna hiyo huwa madogo na ya bei nafuu, watu walitumia pesa kidogo kuliko vile wangetumia bila mpango. Yaani ruzuku ya kuongeza matumizi kwenye sekta ya magari iliyapunguza. Lengo la mazingira na lengo la uchumi walikuwa wamefungwa kwenye nira moja, kila mmoja akivuta upande wake.

Lakini sitaki niwe kama wale wanaosema "pesa zilipotea" halafu basi. Kuleta mauzo ya Januari mpaka Agosti si upuuzi ikiwa Agosti ndiyo mwezi watu wanafutwa kazi. Kama muuzaji angefunga duka Septemba, wateja wa Januari hawangemkuta. Swali la haki ni kama dola bilioni 3 zilikuwa bei nzuri ya kununua miezi hiyo. Mimi naona zilikuwa nyingi mno, ila naelewa aliyeona vingine akiwa amekaa pale mwaka ule, moto ukiwaka.

Na hawakuwa wa kwanza. Ufaransa ilijaribu 1994, faranga 5,000 kwa gari lililozidi miaka 10. Ilipata jina la utani kutokana na waziri mkuu wao, na kwa kanuni ya uzi huu sitalisema. Mpango wa pili uliofuata ulipofungwa 1996, mauzo ya mwaka uliofuata yalianguka kwa karibu moja ya tano. Ujerumani nayo, 2009 hiyo hiyo, ilitoa yuro 2,500 kwa gari la miaka 9 na zaidi. Ilianza na bilioni 1.5, ikaishia bilioni 5, magari kama milioni 2. Mwaka huo waliuza magari mapya milioni 3.8. Mwaka uliofuata, milioni 2.9. Ni hadithi ile ile kwa lugha tofauti.

Ya Ujerumani ina kipande kinachotuhusu sisi Waafrika. Wao hawakuua injini kwa dawa. Gari lilipelekwa kwa mvunja magari, na karatasi zikasema limevunjwa. Chama cha wapelelezi wa polisi wa huko kilikadiria kwamba magari kufikia 50,000 hayakuvunjwa. Yalipakiwa yakaletwa Afrika na Ulaya ya Mashariki. Ni makadirio, si hesabu ya gari moja moja, lakini unaona shida. Serikali ilimlipa mtu aharibu gari, halafu mtu mwingine akaliuza tena. Hayo Mombasa hayangefaa, maana usukani wake uko kushoto.

Yanayofaa Mombasa yanatoka Japani, na Japani pia ilikuwa na mpango wake 2009 na 2010: yeni 250,000 ukivunja gari la miaka 13 na zaidi na kununua jipya linalookoa mafuta. Sisi hatukulihisi sana moja kwa moja, kwa sababu sheria yetu hairuhusu gari lililopita miaka 8 kuingia. Lakini Uganda wakati huo haikuwa na kikomo cha umri. Kikomo chao cha miaka 15 kilikuja 2018.

Sasa lete wazo hili Nairobi, ndipo utaona linavyobadilika likivuka bahari. Marekani, gari jipya ni jipya kweli. Hapa kwetu, mtu akikwambia amenunua gari jipya, mara nyingi ni la mtumba, limetembea Japani miaka 7, limeshuka bandarini, likakaa yadi pale Ngong Road. Kwa hivyo ruzuku hiyo italipia nini? Kama ni kwa magari yanayounganishwa hapa, Thika au Mombasa, wachache sana wanaweza kumalizia bei hata wakipewa punguzo, na hao wachache wangenunua tu. Kama ni kwa mitumba, basi kodi ya mama mboga inaenda kulipa mnada wa Yokohama. Nimeuliza hili kwenye mdahalo, sijajibiwa mpaka leo.

Kuna nchi zilizojaribu kulenga gari la kazi. Afrika Kusini, kuanzia 2006, iliwapa wenye teksi, zile wanazoita teksi na sisi tunaita matatu, randi 50,000 kwa kila moja kuukuu iliyovunjwa. Kwa wengi hiyo ilikuwa malipo ya kwanza tu, zilizobaki zikawa deni. Misri ilienda mbali zaidi. Sheria ya 2008 ilikataa kuhuisha leseni za teksi zilizozidi miaka 20, kisha mpango wa Cairo ukampa dereva pauni 5,000 za Misri kwa teksi yake kuukuu, bei nafuu ya gari jipya, na mkopo wa benki. Tangazo la biashara kwenye mlango wa gari lilimsaidia kulipa sehemu ya marejesho. Teksi nyeusi na nyeupe zikaanza kutoweka, nyeupe tupu zikajaa barabarani, zaidi ya 40,000. Kwangu mimi huo ndio mpango ulioanza kwa kuuliza dereva atakula nini kesho. Na hata huo, baada ya mapinduzi ya 2011, madereva waliandamana juu ya mikopo.

Jumapili nilimpigia hesabu Baba. Dola 4,500 kwa bei ya leo ya shilingi kama 129 ni karibu 580,000. Nikamuuliza, "Baba, ukipewa hizo uwaachie Hilux, utakubali?"

"Na Hilux nyingine hapa yadi ni pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akacheka, akatoa simu aanze kutafuta nani atamkopesha tofauti hiyo, kwa mzaha. Halafu akaniuliza kama ile dawa ya glasi ni lazima, au wangeweza angalau kumwachia injini.