Shimo la Choo na Somo la Ushawishi

Kila nikifika kwenye mada ya hotuba na mdahalo, wanafunzi wangu hapa Litapunga huanza kwa sauti ya juu. "Mheshimiwa mwenyekiti!" mmoja huita, kisha misamiati mizito hufuatana kama mabehewa ya treni ya Mpanda. Darasa hupiga makofi. Nikiuliza nani amebadili msimamo, hakuna anayenyoosha mkono.

Hapo ndipo huwasimulia habari za mwaka 1973. Mkoa wetu wa Katavi haukuwepo; ulizaliwa 2012. Wilaya ya Mpanda ilikuwa bado ndani ya Tabora. Mwaka huo nchi nzima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa muda wa wiki 12. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana. Mada zilikuwa magonjwa yale yale yaliyokuwa yakiwaua: malaria, kichocho, kuhara, kifua kikuu.

Utaratibu wake ndio ninaotaka vijana waushike. Kiongozi wa kikundi alifundishwa kuongoza mazungumzo, si kuhubiri. Baada ya kusikiliza, swali lilikuwa moja: sisi hapa kwetu tutafanya nini? Jibu lilitoka kwa wanakikundi wenyewe: kufyeka majani, kuchemsha maji, kuchimba choo. Walioshiriki walikaribia milioni 2, na vyoo vikachimbwa kwa wingi vijijini. Aliyeshika jembe alikuwa amekwisha kusema mbele ya jirani zake kwa nini analishika.

Lakini mwezi Novemba mwaka huo huo njia ilikuwa nyingine: Rais wetu, Mwalimu Nyerere, alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na ikifika mwisho wa 1976 wote wawe wamehamia. Mahali pengi watu walipakiwa kwenye malori. Kwingine nyumba zao zilichomwa moto ili wasirudi. Kuhama walihama, lakini wengi hawakuwa wameridhika. Namheshimu Mwalimu, na kwa heshima hiyo hiyo nasema: amri ilifupisha safari ambayo mazungumzo yangeifanya vizuri zaidi.

Muhula uliopita nilijaribu utaratibu ule darasani. Mada ilikuwa maji ya kunywa. Msichana mmoja asiyependa kusimama mbele alimgeukia mwenzake akamuuliza taratibu: "Nyumbani kwenu, maji ya kunywa mnachota wapi?" Akasikiliza jibu lote. Akauliza tena: "Na mdogo wako aliumwa tumbo lini?" Mwenzake akanyamaza, kisha akasema kwamba jioni ile atachemsha maji. Hakuna aliyepiga makofi, na sijawahi kusikia hoja iliyofika mbali kama ile.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu, kabla hujapanda jukwaani, mjue unayesema naye, muulize, msikilize, kisha mwachie aamue mwenyewe. Neno lililoamuliwa na msikilizaji ndilo linalochimba shimo.