Mweka: chuo cha mabwana nyama

Septemba 1961, Uhuru wa Tanganyika ukiwa umebakiza miezi mitatu, mkutano wa uhifadhi mjini Arusha ulipokea tamko fupi la Julius Nyerere, lililotiwa saini pia na Chifu Abdallah Fundikira na Tewa Saidi Tewa. Tamko liliahidi kwamba wanyamapori watatunzwa kwa ajili ya wajukuu, likakiri pia kuwa kazi hiyo yahitaji utaalamu, fedha na watu waliofundishwa.

Hao watu hawakuwepo. Bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, alikuwa Mzungu. Waafrika wa Idara ya Wanyamapori walikuwa askari na wafuatiliaji wa nyayo: walilijua pori kuliko wakubwa wao, lakini hawakuwa na cheti, na bila cheti hapakuwa na cheo. Bruce Kinloch, aliyekuwa mkuu wa idara hiyo, alihimiza kianzishwe chuo. Wafadhili wa ng'ambo wakachangia, na mwaka 1963 Chuo cha Mweka kikafunguliwa kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Sheria Namba 8 ya 1964 ilikipa uhai wa kisheria.

Mahali penyewe panashangaza: migomba na kahawa za Wachagga, baridi ya mlima, wala hakuna tembo dirishani. Basi tangu mwanzo masomo yalifuatwa porini. Mkuu wa kwanza, Hugh Lamprey, alikuwa mtafiti aliyechunguza huko Tarangire jinsi wanyama wakubwa wala majani wanavyogawana malisho bila kugombana; hakuwa mtu wa kuridhika na ubao na chaki. Mwanafunzi wa Mweka alijifunza kuhesabu wanyama, kusoma ramani, kupiga kambi, kutumia bunduki, kuchuna na kuhifadhi ngozi na mafuvu, na kulifufua gari lililokufa mbali na fundi. Nadhani hilo la mwisho limeokoa wahifadhi wengi kuliko bunduki.

Wanafunzi walitoka nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kiingereza. Zile za Kifaransa zilipata chuo chao Garoua, Kameruni, mwaka 1970. Askari walikuwa na shule yao Pasiansi, Mwanza, tangu 1966, nao wataalamu wa samaki walifundishwa Nyegezi na Mbegani. Leo Mweka inatoa mpaka shahada.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, mafunzo ya uhifadhi yalimtazama mwanakijiji kama jangili mtarajiwa. Sera ya Wanyamapori ya 1998 ilipofungua njia ya vijiji kutenga maeneo ya hifadhi na kunufaika nayo, mhifadhi alilazimika kuujua mkutano wa kijiji: kumsikiliza mzee ambaye shamba lake limeliwa na tembo, kisha kumweleza kwa nini tembo huyo hapigwi risasi. Somo hilo halikuwa rahisi, na bado linawatoa jasho wahitimu.