Bia na moto katika kijitabu kimoja

Nimekuwa kimya, mtanisamehe. Kazi za huku mnazijua, na baridi nayo imeshaanza kubisha hodi. Leo nina jambo ambalo chanzo chake ni simu ya dada.

Wengi wenu mmeshasikia kwamba mpwa wangu amepata nafasi ya chuo huku Marekani na ataishi bwenini. Chuo kimemtumia kijitabu cha usalama ambacho hutolewa kila mwaka. Sasa dada mnamjua, ni mtu wa kusoma kila karatasi hata risiti ya LUKU. Amekisoma chote, akanipigia: "Kaka, nimekuta sheria za pombe, nimefungua mbele kidogo nikakuta hesabu ya moto uliowaka kwenye mabweni yao. Hivi mwanangu anakwenda chuo au kilabuni? Na hiyo bia na moto vimekutania wapi?"

Nikamwambia hilo swali halitoshi kwenye simu, nitaliandikia. Basi dada, jibu lako hili hapa, na wengine msome.

Nianze na yangu. Nilifika huku Agosti 1999. Nilikuwa nimezoea bweni la shule ambako kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, anakigonga kiranja wa zamu. Huku nikakuta king'ora cha moto kilichobandikwa ukutani, kikilia masikio yanataka kupasuka. Na kililia kweli! Mtu kaunguza bisi kwenye maikrowevu, kinalia. Mlevi kapita akavuta kile kishikio chekundu kwa mzaha, kinalia. Saa nane za usiku tunashuka ngazi, mimi na kandambili zangu, tunasimama kwenye theluji tunatetemeka mpaka wazimamoto waje waseme hakuna kitu. Kufika Desemba nilishajifunza ujanja wa wenyeji: kikilia, unajifunika mto kichwani unaendelea kulala.

Halafu ikaja tarehe 19 Januari 2000. Katika chuo kikuu cha Seton Hall, jimbo la New Jersey, moto uliwaka kwenye sebule ya ghorofa ya tatu ya bweni la Boland Hall. Ilikuwa kama saa kumi na nusu alfajiri. Wanafunzi watatu wakafa, wote vijana wa mwaka wa kwanza, na zaidi ya 50 wakaumia. King'ora kililia vizuri tu. Lakini tangu Septemba bweni lile lilikuwa limepata vilio vya uongo 18, na wengine walipokisikia walidhani ni mzaha mwingine. Mimi nilikuwa chuo tofauti kabisa, lakini nilipoiona habari ile kwenye televisheni ya sebuleni kwetu nilikaa chini. Wale walikuwa na umri wangu, na mto wao kichwani ni kama wangu.

Ndipo nilipoanza kusoma historia ya mambo haya, na nikakuta kwamba vifo vya mabweni ya huku ni hadithi ndefu, na pombe si mwanzo wake. Mwaka 1967, Aprili, moto ulizuka usiku katika nyumba ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, ukaua wanafunzi 8 na profesa mmoja. Mwaka 1977, Desemba 13, katika chuo cha Providence kule Rhode Island, wasichana 10 walipoteza maisha kwa moto wa bweni la Aquinas Hall. Ule ulianza na mashine ya kukaushia nywele ambayo ilitumika kukaushia nguo zilizolowa theluji. Moto ukatoka chumbani ukakuta korido imepambwa kwa Krismasi, makaratasi na mapambo makavu, ukapita kama petroli. Hapo hakuna bia, dada. Kuna baridi, nguo mbichi na sikukuu.

Sasa pombe iliingiaje? Zamani vyuo vya huku vilijihesabu kuwa mzazi wa mwanafunzi. Vilimpangia saa ya kurudi, nani amtembelee na nini asinywe. Mwaka 1961 mahakama ya rufani ya shirikisho, katika kesi ya wanafunzi weusi waliofukuzwa chuo huko Alabama kwa kudai haki zao, iliamua kwamba chuo cha serikali hakiwezi kumfukuza mtu bila kumpa nafasi ya kusikilizwa. Tangu hapo mamlaka yale ya kizazi yakaanza kulegea. Mwaka 1971 umri wa kupiga kura ukashushwa kutoka 21 hadi 18, maana vijana walikuwa wakipelekwa Vietnam kabla hawajaruhusiwa kuchagua kiongozi. Majimbo mengi yakaona basi na umri wa kunywa ushuke. Kwa miaka kadhaa mwanafunzi wa miaka 18 aliweza kununua bia yake hadharani.

Kisha barabara zikaanza kuua. Mama mmoja wa California, Candy Lightner, alifiwa na binti yake aliyegongwa na dereva mlevi, na mwaka 1980 akaanzisha chama cha akina mama wa kupinga ulevi barabarani. Mwaka 1984 Rais Reagan akasaini sheria ya kijanja: jimbo litakaloruhusu mtu wa chini ya miaka 21 kununua pombe litakatwa sehemu ya fedha za barabara. Kufika 1988 majimbo yote yalikuwa yameinamisha kichwa. Mwaka 1989 Bunge likaongeza kwamba chuo kinachopokea fedha za shirikisho lazima kiwe na kanuni na mpango wa kuzuia pombe haramu na dawa za kulevya.

Angalia matokeo yake. Sehemu kubwa ya wakazi wa bweni wana miaka 18 hadi 20. Bia haikuondoka, ilihama tu. Ilitoka sebuleni ikaingia chumbani, mlango ukafungwa, taulo likawekwa chini ya mlango. Nyingine ikahamia kwenye nyumba za nje ya chuo, zile za vyama vya wanafunzi vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Moja ya hizo, huko Chapel Hill, North Carolina, iliungua tarehe 12 Mei 1996, asubuhi ya mahafali na Siku ya Mama, baada ya usiku wa sherehe. Wanafunzi watano walikufa. Uchunguzi ulielekeza kwenye sigara iliyotupwa vibaya, na wengi wa waliokufa walikuwa na pombe mwilini. Mlevi hasikii king'ora, akisikia haelewi, akielewa hapati mlango. Hapo ndipo bia na moto vilipokutana, dada.

Hebu nieleze kilichobadilika, kwa sababu ndicho cha maana. Nyumba ile ya Chapel Hill haikuwa na vinyunyizio vya maji darini, na Boland Hall, jengo la 1952, nalo halikuwa navyo. Kifaa chenyewe ni kidogo. Ni kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani, kimeziba bomba la maji. Joto likifika kama nyuzi 68 kioo kinapasuka na maji yanamwagika pale penye moto tu, si nyumba nzima kama mnavyoona kwenye sinema. Hakiulizi kama umelala, umelewa au umepuuza king'ora. Mji wa Chapel Hill ukaamuru nyumba za vyama vile zote ziwekewe. Na Julai 2000, miezi sita tu baada ya msiba wa Seton Hall, New Jersey ikapitisha sheria kwamba kila bweni liwe navyo ndani ya miaka minne. Vijana wawili waliowasha moto ule walikiri kosa mwaka 2006, wakasema ulikuwa mzaha, na 2007 wakahukumiwa miaka mitano kila mmoja.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijawahi kuwaambia nyumbani. Mwaka wa tatu chuo kilinipa kazi ya kuwa kama kiranja wa ghorofa. Unapewa chumba bure, kazi yako kuangalia wenzako. Nilikuwa mkali, nilitaka wazungu waone kwamba Mtanzania hana mchezo. Siku moja tulipita kukagua vitambua moshi. Kwenye chumba kimoja nikaona makopo ya bia yamejificha chini ya kitanda, nikawaandika, wakalipa faini. Nilijiona nimefanya kazi.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi usiku, king'ora kikalia. Kazi yangu ni kugonga kila mlango nikishuka. Chumba kile nikasikia minong'ono, halafu taa ikazimwa. Nikagonga, nikapiga kelele moto, moto! Kimya. Harufu ya moshi ilikuwa imeshafika kwenye ngazi. Kanuni inasema usibaki ndani, nikashuka, nikawaambia wazimamoto namba ya chumba. Walitolewa vijana sita, wazima wote, namshukuru Mungu. Lilikuwa sufuria la mafuta limeshika moto jikoni ghorofa ya chini. Nikamuuliza mmoja wao, kwa nini hamkufungua? Akaniambia, "Tulidhani umekuja kuhesabu makopo."

Sikulala usiku ule. Ukaguzi wa moto ndio niliougeuza mtego wa bia. Wale watoto hawakuogopa moto, waliniogopa mimi.

Nilikuja kugundua kwamba hata wakubwa walikuwa wanajifunza somo hilo hilo. Mwaka 2002 Cornell ilianzisha utaratibu kwamba mwanafunzi akimwita daktari kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa na pombe, wote wawili hawapelekwi kwenye kamati ya nidhamu ya chuo. Vyuo vingi vikafuata, na majimbo mengi yakatunga sheria za namna hiyo. Ukali wa kunywa ukabaki, lakini ukatenganishwa na mlango wa kuomba msaada.

Na kijitabu chako, dada? Sheria ya 1990 ilivitaka vyuo vitangaze uhalifu wao, na kesi za pombe zinahesabiwa humo. Sheria ya 2008 ikaongeza kwamba chenye mabweni kitangaze kila moto uliowaka, chanzo chake, walioumia, waliokufa, na mazoezi ya kutoka nje yaliyofanyika. Vyuo vingi vikaunganisha vyote pamoja. Kwa hiyo usitishwe na hesabu zile. Utakuta moto mwingi ni wa kupika. Tishwa na chuo kinachoficha.

Sisi wa Kilimanjaro tunajua bweni likiungua maana yake nini. Shauritanga, kule Rombo, Juni 1994, wasichana wapatao 40. Hatukuletewa kijitabu.

Mpwa wangu, nawe usome haya. Angalia darini kama vile vichupa vipo. Usining'inize nguo juu yake, wala usifunike kitambua moshi na soksi. Hesabu milango kutoka chumbani kwako mpaka kwenye ngazi, gizani utaihitaji. King'ora kikilia toka, hata kama ni mara ya 19. Pombe mama yako ameshakwambia, siongezi. Ila ukimkuta mwenzako hajitambui, ita msaada kwanza, maswali yatakuja baadaye. Na ukipewa ukiranja, niulize mimi kabla hujamwandika mtu.

Haya, nisiwachoshe. Wasalimieni wote, bibi mwambieni koti jipya nimeshanunua. Mungu akijalia tutaonana Desemba.