Kutoka Banagi hadi Njiro: Historia Fupi ya TAWIRI

Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake TAWIRI, iliundwa na Bunge kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 1980. Kazi yake, hata hivyo, imeitangulia sheria hiyo kwa takriban miaka ishirini. Ilianzia katika maabara ndogo huko Banagi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ikahamia Seronera, ikadhoofika vibaya mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha ikapewa uhai mpya kwa jina jingine na makao makuu yake yakawekwa Njiro, Arusha.

Chanzo cha yote kilikuwa mzozo wa mipaka. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Uingereza, na tangu mwanzo Wamaasai waliokuwa wakiishi na kuchunga humo hawakuyakubali masharti waliyowekewa. Serikali ya kikoloni ikapendekeza kuigawa hifadhi. Mwanaikolojia William Pearsall aliletwa kutoka Uingereza kuichunguza, akatoa ripoti mwaka 1957. Mwaka 1959 mgawanyo ukakamilika: Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la watu, mifugo na wanyamapori kwa pamoja, Wamaasai wakaondolewa katika Serengeti, na hifadhi ikaongezewa ardhi upande wa kaskazini hadi mpaka wa Kenya.

Waliochora mistari hiyo hawakuwa na hakika nyumbu wanakwenda wapi msimu hadi msimu. Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, walijaribu kulijibu swali hilo kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Mwanzoni mwa mwaka 1958 waliruka juu ya hifadhi nzima wakihesabu kwa macho, wakapata nyumbu 99,481. Waligundua pia kwamba makundi yalitumia nyanda zilizokuwa zinaachwa nje ya mipaka mipya, lakini uamuzi ulikuwa umekwisha kuiva. Januari 1959 ndege yao iligongana na tai, ikaanguka, Michael akafa. Kitabu na filamu yao vilivyotaka Serengeti isife viliwafikia watu wengi duniani, na maabara iliyojengwa Banagi ikapewa jina la Michael Grzimek.

Aliyeigeuza huzuni hiyo kuwa taasisi ni John Owen, Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa kuanzia mwaka 1960. Owen aliamini kwamba msimamizi wa hifadhi asiyejua idadi ya wanyama wake, chakula chao na maradhi yao anasimamia kwa kubahatisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mara tu Tanganyika ilipopata uhuru, alianzisha Mradi wa Utafiti wa Serengeti na kuwaita watafiti vijana kutoka Ulaya na Amerika. Mwaka 1966 mradi huo ulipandishwa daraja ukawa Taasisi ya Utafiti ya Serengeti, yenye nyumba na maabara Seronera. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Hugh Lamprey, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo cha Wanyamapori cha Mweka. Fedha nyingi zilitoka nje, hasa katika mifuko ya Ford ya Marekani na Fritz Thyssen ya Ujerumani. Watafiti nao walikuwa karibu wote wageni. Kwa nchi iliyokuwa na wahitimu wachache wa chuo kikuu hilo halikuwa la ajabu, ila liliacha udhaifu ambao ungeonekana miaka kumi baadaye.

Kipindi cha Lamprey kilikuwa cha mavuno makubwa. Hans Kruuk alifuatilia fisi usiku na kuonyesha kwamba mnyama aliyedharauliwa kuwa mla mizoga ni mwindaji hodari, na kwamba mara nyingi simba ndiye anayempora fisi mawindo yake. George Schaller aliwachunguza simba kuanzia mwaka 1966, na kazi yake ikarithiwa na wengine hata ikawa miongoni mwa uchunguzi mrefu kuliko wote wa mnyama mla nyama duniani. Richard Bell alieleza jinsi pundamilia, nyumbu na swala tomi wanavyopokezana malisho: wa kwanza hula majani marefu na magumu, na akipita huwafungulia njia wanaohitaji chipukizi laini. Anthony Sinclair alianza na nyati. Ndiye aliyekuja kubaki na Serengeti kwa miongo kadhaa, akihariri mabuku makubwa yanayokusanya matokeo ya watafiti wote.

Kazi iliyozaa matunda zaidi, hata hivyo, ilikuwa ile isiyo na mvuto: kuhesabu. Lee Talbot na wenzake walitumia picha za angani mwaka 1961 wakapata nyumbu wapatao 263,000. Kundi haliwezi kuongezeka mara mbili na nusu ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo tofauti kubwa ilitokana na njia, si na wanyama. Somo hilo lilichukuliwa kwa uzito. Mike Norton-Griffiths alisaidia kuweka kanuni za sensa ya anga ambazo zilienea Afrika nzima. Rubani huruka mistari iliyonyooka kwa kimo kisichobadilika, na fito mbili zilizofungwa chini ya bawa humwekea mhesabuji ukanda wa ardhi wenye upana unaojulikana. Anayehesabiwa ni mnyama aliye ndani ya ukanda huo tu. Makundi makubwa hupigwa picha na kuhesabiwa baadaye mezani, kisha idadi ya eneo lote hukadiriwa kutokana na sampuli, pamoja na kiwango cha makosa yanayoweza kuwamo. Hesabu iliyofanywa hivyo mwaka huu inaweza kulinganishwa na ya miaka kumi ijayo.

Na ziliporudiwa, hesabu zilileta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Hofu ya miaka ya 1950 ilikuwa kwamba nyumbu wanakwisha, kumbe walikuwa wanaongezeka: zaidi ya 480,000 mwaka 1967, karibu 700,000 mwaka 1971, na kufikia mwaka 1977 takriban milioni 1.4. Nyati pia waliongezeka. Pundamilia walibaki karibu 200,000, na hapo ndipo palipokuwa na ufunguo. Nyumbu na nyati hucheua kama ng'ombe na huugua sotoka, ugonjwa wa virusi. Pundamilia hacheui wala haugui ugonjwa huo. Sotoka iliingia Afrika Mashariki karibu mwaka 1890, ikateketeza ng'ombe na wanyama wa porini, na kwa miaka sabini iliendelea kuua ndama wa nyumbu wa mwaka mmoja. Walter Plowright, aliyetengeneza chanjo bora ya ng'ombe katika maabara ya Muguga nchini Kenya, alipima pamoja na wenzake damu ya nyumbu wa Serengeti na kuona kwamba waliozaliwa baada ya mwaka 1963 hawakuwa na dalili ya kukutana na virusi hivyo. Chanjo ya ng'ombe vijijini ilikuwa imewaponya nyumbu ambao hakuna aliyewadunga sindano. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 mvua za kiangazi nazo ziliongezeka, majani yakapatikana kwa muda mrefu zaidi, na kundi likazidi kupanuka.

Matokeo hayakuishia kwa nyumbu. Majani yaliyoliwa na midomo zaidi ya milioni moja hayakubaki kuwa kuni za moto wa kiangazi. Eneo lililoungua kila mwaka likapungua, miche ya migunga ikaponea, na miti ikaongezeka katika sehemu kubwa ya hifadhi. Virusi, ng'ombe, nyumbu, moto na mti vikaonekana katika mnyororo mmoja. Huu ndio mchango mkubwa wa Serengeti kwa sayansi ya mazingira, na usingewezekana bila takwimu za miaka mfululizo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lamprey aliondoka na uongozi ukashikwa na Watanzania. Muda haukuwa mzuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Watalii waliokuwa wakiingia Serengeti kupitia Nairobi wakakatika, mapato ya hifadhi yakaporomoka, vita vya Kagera vikafuata. Wafadhili na wageni wengi waliondoka, magari yakakosa vipuri na mafuta. Ujangili ukajaa mahali ambapo doria zilikosekana: nyati walipungua sana, tembo wakabaki wachache, na faru karibu waishe kabisa. Taasisi iliyotegemea watu na fedha za nje ilikuwa na kinga ndogo dhidi ya msukosuko wa namna hiyo.

Sheria ya mwaka 1980 ilikuwa jibu la serikali. Iliunda Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Serengeti, na licha ya jina hilo iliipa jukumu la nchi nzima: kufanya utafiti, kuusimamia, na kuishauri serikali. Jina lilirekebishwa mwaka 1999 likawa TAWIRI, ili lilingane na kazi. Shughuli zikaenea hadi Kingupira katika Pori la Akiba la Selous na katika misitu ya sokwe ya magharibi, ambako Jane Goodall alikuwa ameanza utafiti Gombe mwaka 1960 na Toshisada Nishida wa Japani Mahale mwaka 1965. Njiro ikawa pia na kituo cha utafiti wa nyuki, tawi ambalo husahaulika kirahisi mtu akishazoea kusikia habari za simba.

Miaka ya 1990 ilirudisha maswali ya maradhi na ukame. Mwaka 1993 ulikuwa wa ukame mkali, na mwaka uliofuata nyumbu walikadiriwa kuwa chini ya milioni moja. Mwaka huohuo wa 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kuanguka na kufa. Ugonjwa ulikuwa distempa ya mbwa, na takriban theluthi moja ya simba wapatao 3,000 walikufa. Kidole kilielekezwa kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na kampeni za kuwachanja dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa zikaanzishwa. Damu iliyokuwa imehifadhiwa ilipopimwa upya miaka ya baadaye, ilionekana kwamba distempa ilikuwa imewahi kupita katika simba hao bila kuua wengi. Kilichoongezeka mwaka 1994 ni ukame: nyati waliodhoofika walijaa kupe, simba wakawala kwa wingi, na vimelea vya babesia vinavyoenezwa na kupe vikaungana na virusi. Mabadiliko ya hali ya hewa yalikuwa yameugeuza ugonjwa wa kawaida kuwa maangamizi.

Wakati huohuo Mtanzania Simon Mduma, ambaye baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa TAWIRI, alizichambua rekodi za nyumbu za miaka 40. Katika makala iliyotoka mwaka 1999 pamoja na Sinclair na Ray Hilborn, alionyesha kwamba idadi ya nyumbu hudhibitiwa hasa na chakula cha kiangazi. Simba na fisi wana sehemu ndogo. Takwimu zilizoanzishwa na wageni zilikuwa zimepata mfasiri wa nyumbani.

Maji yalichelewa kupewa uzito uliopewa chakula. Emmanuel Gereta wa Shirika la Hifadhi za Taifa na Eric Wolanski wa Australia walipima maji ya Serengeti na kueleza kwamba nyumbu huondoka katika nyanda za kusini si kwa kukosa majani pekee, bali pia kwa sababu maji yanayobaki huko huwa ya chumvi kadiri jua linavyoyakausha. Kiangazi kikishika, Mto Mara ndio mto mkubwa wa kutegemewa kaskazini. Takriban theluthi mbili ya bonde lake ziko Kenya, chanzo chake kikiwa Msitu wa Mau, na mwisho wake ni Ziwa Victoria karibu na Musoma. Msitu ukikatwa na mashamba ya umwagiliaji yakiongezeka upande wa juu, hakuna sheria ya Serengeti inayoweza kuyarudisha maji. Kwa hali hiyo, rekodi za mtiririko wa Mara zinastahili nafasi ileile ambayo sensa za nyumbu zimekuwa nayo.

Hesabu zimeendelea kuwa silaha kuu ya TAWIRI. Sensa ya mwaka 2009 ilikadiria tembo 109,051 nchini. Mwaka 2013 mfumo wa Selous na Mikumi ulikutwa na tembo 13,084 tu, wakati miaka minne kabla walikuwa karibu 39,000, na sensa ya mwaka 2014 ikaleta takriban 43,000 kwa nchi nzima. Takwimu hizo zilikuwa chungu kwa serikali iliyozitangaza, lakini baada yake hapakuwa na nafasi ya kubishana kama ujangili upo au haupo. Leo tembo kadhaa wamevishwa visukuma mawimbi ili nyendo zao zijulikane, na sehemu kubwa ya kazi imehamia kwenye shoroba na migogoro kati ya watu na wanyama wakali na waharibifu. Mtafiti yeyote wa wanyamapori, mgeni au mwenyeji, hupitia TAWIRI kabla ya kupata kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na kila baada ya miaka miwili taasisi huandaa mkutano wa kisayansi wa kimataifa.

Upungufu uliobaki uko katika kuwafikishia wananchi matokeo. Mabuku makuu ya Serengeti yameandikwa kwa Kiingereza, na ndivyo zilivyo karibu makala zote za kisayansi zilizotajwa hapa. Mkulima wa Bunda anayelinda mahindi dhidi ya tembo usiku, na mfugaji anayeombwa kumleta mbwa wake achanjwe, ni wadau wa utafiti huo kuliko msomaji wa Ulaya. Kila ripoti ya TAWIRI ingefaa itoke na muhtasari kamili wa Kiswahili, nao ufikishwe katika ofisi za vijiji vinavyopakana na hifadhi.