Sisi ni Nani? Maandishi ya Mnara wa Amani wa Hiroshima na Somo la Nafsi

Kila mwaka ninapofundisha somo la tafsiri, huwapa wanafunzi wangu zoezi moja fupi sana. Ni sentensi moja tu, iliyochongwa kwa Kijapani kwenye jiwe katika jiji la Hiroshima. Wanafunzi hucheka wakiiona, wakidhani wataimaliza kabla kengele haijalia. Mara nyingi kengele hulia tukiwa bado tunabishana, na ubishi wenyewe haumhusu mfasiri peke yake. Unamhusu kila anayetaka kujenga mnara wa amani katika mji wowote ule.

Tuanze na historia yenyewe. Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege ya Marekani iliangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima. Inakadiriwa kuwa hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Miaka minne baadaye, mwaka 1949, bunge la Japani lilipitisha sheria maalumu ya kuijenga upya Hiroshima kama jiji la kumbukumbu ya amani, na wakazi wenyewe wakaiidhinisha kwa kura. Msanifu majengo Kenzo Tange alishinda shindano la kubuni bustani ya amani katikati ya jiji.

Mnara wa kumbukumbu katika bustani hiyo haukupatikana kwa urahisi. Mchoro wa kwanza ulitengenezwa na Isamu Noguchi, msanii ambaye baba yake alikuwa Mjapani na mama yake Mmarekani. Mchoro ulikataliwa, na sababu mojawapo ilikuwa uraia wake wa Marekani. Hata hivyo, kingo za madaraja mawili ya bustani hiyo ni kazi ya mikono yake. Ndipo Tange akabuni mnara mwingine, tao la zege lenye umbo linalokumbusha paa la nyumba za udongo zilizofinyangwa na Wajapani wa kale, kana kwamba roho za marehemu zimewekwa chini ya dari zisilowe mvua. Chini ya tao hilo kuna sanduku la mawe lenye madaftari ya majina ya waliofariki. Majina huongezwa kila mwaka, na sasa yamezidi 340,000. Mnara ulizinduliwa tarehe 6 Agosti 1952.

Palihitajika maneno ya kuandika mbele ya sanduku hilo. Meya Shinzo Hamai alimwendea mwalimu wa lugha, Tadayoshi Saika, profesa wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Hiroshima, ambaye mwenyewe alinusurika siku ya bomu. Saika aliandika sentensi yenye sehemu mbili. Ya kwanza inawaomba marehemu walale kwa amani. Ya pili inatoa sababu, kwamba kosa halitafanyika tena.

Hapa ndipo penye fundo. Kijapani hakilazimishi kitenzi kibebe nafsi. Katika sehemu ile ya pili kitenzi kimo katika kauli ya kutenda, yaani kuna mtu anayeahidi kutorudia kosa, lakini mtu huyo hatajwi. Ni nani anayeahidi? Na ni nani aliyekosa?

Mwezi Novemba 1952, kabla mnara haujamaliza hata miezi minne, alifika pale Jaji Radhabinod Pal wa India. Huyu ndiye jaji aliyekuwa peke yake katika mahakama ya kijeshi ya Tokyo kusema kwamba washtakiwa wote hawana hatia. Alipoelezwa maana ya maandishi yale alikasirika. Kwake, anayeahidi kutorudia alikuwa Mjapani, ilhali si Mjapani aliyeliangusha bomu. Saika alimjibu kwa kusisitiza kwamba maneno yale ni ya binadamu yeyote asimamaye mbele ya jiwe. Katika tafsiri yake ya Kiingereza, Saika mwenyewe alikuwa ametumia nafsi ya kwanza wingi, sisi.

Mjadala haukuzimika. Ulipowaka tena karibu na mwaka 1970, wapo waliotaka maandishi yafutwe, lakini meya wa wakati huo, Setsuo Yamada, alikataa, akisema kwamba mwenye kuahidi ni wanadamu wote. Mwaka 1983 jiji liliweka kibao cha maelezo karibu na mnara. Hata hivyo, mwezi Julai 2005 kijana mmoja alifika na nyundo na patasi akaligongagonga jiwe. Hakuligonga ovyo, alilenga neno lenye maana ya kosa.

Sasa turudi darasani. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kujificha kama Mjapani. Sehemu ya kwanza ni nyepesi: "Laleni kwa amani." Kiambishi -ni kinatuonyesha kuwa tunasema na wengi. Sehemu ya pili ndiyo inayotoa jasho. Tukisema "kwa kuwa hatutarudia kosa", kiambishi tu- kimetuingiza sote kizimbani. Tukisema "hawatarudia", tumewanyooshea wengine kidole. Yuko anayekimbilia kauli ya kutendwa, "kosa halitarudiwa", na mwingine mjanja zaidi husema "kosa halitajirudia", kana kwamba kosa lina miguu yake. Sentensi hizi zote ni sahihi kisarufi. Kila moja, hata hivyo, ni mnara tofauti.

Wala si wanafunzi peke yao wanaopenda kuikwepa nafsi. Rais Barack Obama alipozuru Hiroshima tarehe 27 Mei 2016, akiwa rais wa kwanza wa Marekani kufika pale akiwa madarakani, alianza hotuba yake kwa kusema kwamba kifo kilianguka kutoka angani. Wachambuzi hawakuchelewa kuuliza ni nani aliyekiangusha.

Hata neno kosa lina utata wake. Baadhi ya wanafunzi hupendelea uovu, wengine dhambi, wengine maafa. Maafa huweza kumpata mtu bila mkosaji yeyote, uovu hauwezi. Kwa hiyo atakayechagua maafa amekwisha kumfuta mtenda hata kabla hajafika kwenye kitenzi.

Mimi binafsi huchagua "hatutarudia", lakini ninakiri kwamba tu- yetu nayo ina kasoro. Haituambii ni nani aliyemo na nani aliyeachwa. Hiroshima yenyewe ilionja kasoro hiyo. Miongoni mwa waliouawa na bomu walikuwamo maelfu ya Wakorea, ambao nchi yao ilikuwa chini ya utawala wa Japani hadi 1945. Mnara wao ulijengwa mwaka 1970, lakini nje ya bustani ya amani. Uliingizwa ndani mwaka 1999. Kwa miaka 29, sisi ya bustani ile haikuwafikia.

Wala mambo haya hayako mbali nasi kama tunavyodhani. Bomu la Hiroshima lilikuwa la urani, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi ule wa Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji. Katanga ni nchi ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi migodini. Wachimbaji hawakujua wanachimba nini wala kinakwenda wapi. Je, katika "hatutarudia", nao wamo? Nilipouliza swali hili mwaka mmoja, darasa zima lilinyamaza. Kisha binti mmoja akasema, "Mwalimu, wao wamo katika kulala, hawamo katika kukosa." Sijapata jibu bora kuliko hilo.

Hapa kwetu Uganda pia tunajua uzito wa maneno ya jiwe. Tarehe 21 Februari 2004, waasi wa LRA waliishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Barlonyo, kaskazini mwa mji wa Lira, wakaua watu wengi. Serikali iliweka mnara wa kumbukumbu, na jiwe linasema waliouawa ni 121. Wakazi wanasema walizika zaidi ya 300. Mfiwa anayesimama mbele ya jiwe lile na kujua kwamba wake hakuhesabiwa, atapataje amani kutoka kwenye mnara wa amani? Kule Hiroshima hawakumaliza ubishi wa nafsi, lakini sanduku la majina liliachwa na nafasi, na kila Agosti hufunguliwa jina jipya likaingia. Hilo ni jambo tunaloweza kujifunza bila gharama kubwa.

Kwa kumalizia, ndugu walimu na wanafunzi, miji yetu inaendelea kujenga minara. Kamati huwaita wahandisi, wachongaji na viongozi wa dini. Mtu wa lugha huitwa mwishoni, saruji ikiwa imekwisha kukauka, aambiwe atafute "maneno mazuri". Tusikubali kuitwa mwishoni. Kabla ya jiwe kuchongwa, kuna maswali matatu ambayo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anaweza kuyauliza: kiima cha sentensi hii ni nani? Kauli ya kutendwa imetumika kwa heshima ya marehemu au kwa kumficha mtenda? Na je, waliopotelewa wakisoma tu-, watajikuta ndani yake?

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Maneno ya jiwe yana mfupa, na yakishachongwa vibaya hayamezeki tena. Ninawaachia zoezi lile lile ninalowapa wanafunzi wangu: itafsirini sehemu ya pili ya maandishi ya Hiroshima kwa Kiswahili, kisha muitafsiri kwa lugha zenu za nyumbani, mwone nafsi inakwenda wapi. Majibu yaleteni idarani. Tutayajadili pamoja.